Kipimo cha Huntington Dodoma mjini: damu wanachukua vizuri, majibu yana kasoro

Uchukuaji wa damu ya kupima Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, hauna shida katika maabara hii. Mililita 4 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, inageuzwa taratibu mara nane, kisha inaingia kwenye kisanduku cha barafu, kitambaa kinene kikizuia isigande kwa baridi. Kwa jua la Dodoma, hongera zao.

Shida ni karatasi ya majibu: "hana ugonjwa", basi. Idadi ya marudio ya CAG, herufi tatu za DNA zinazojirudia kwenye jeni ya ugonjwa huu, iko wapi? Idadi ndiyo kipimo chenyewe! Hadi 26 ni kawaida. 36 hadi 39 mtu anaweza kuugua au asiugue. 40 na zaidi ataugua akijaliwa umri. Mwenye 27 hadi 35 kwa kawaida haugui, lakini marudio yanaweza kuongezeka kwa mtoto, hasa yakirithiwa kwa baba, maana hurefuka mbegu za kiume zinapotengenezwa. Baba huyo akiambiwa "hana" tu, wanawe wamefichwa jambo zito.

Dai namba za nakala zote mbili za jeni. Ikitoka moja tu, uliza kama walifanya PCR (njia ya kunakili DNA ili ipimwe) ya pili ya kunasa marudio marefu, kwani ya kawaida huyakosa.