Nimeinua tangi la Sportster kwa vyuma vya kununua: uzoefu wangu

Seti yenyewe ya kuinulia tangi la petroli la pikipiki haina makubwa. Ni vipande vinne vya chuma bapa, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, pamoja na boliti, wosha na kipande cha mpira wa mafuta. Vya mbele vinanyanyua tangi inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Vya nyuma vina matundu mawili, uchague mwenyewe: inchi 1 au 2. Hakuna kuchomelea. Ukiichoka unafungua, tangi linarudi lilipokuwa, na fremu haibaki hata na mkwaruzo. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nilipe.

Pikipiki yangu ni Harley-Davidson Sportster 883 ya mwaka 2003, ya kabureta, tangi lita 12.5. Mwaka nautaja kwa makusudi. Kuanzia 2004 Sportster zilianza kufungwa injini juu ya raba, lakini yangu ni chuma kwa chuma. Ikiunguruma imesimama, vioo vinacheza mpaka hujui nyuma kuna gari au mti. Mtetemo huo wote sasa unapita kwenye vipande vile vinne, ndipo unafika kwenye masikio ya tangi, yaani vibati vya kulifungia. Chuma kikiwa kirefu kinalivuta sikio kwa nguvu zaidi, na sikio likipasuka kwenye weldi, petroli inadondokea injini ya moto.

Ndiyo maana lawama yangu ya kwanza ni hii: seti haikuja na raba hata moja. Maelekezo yanataka ufunge chuma juu ya sikio moja kwa moja. Sikukubali. Nilizirudisha raba za tangi za zamani, nikaweka wosha pana kila upande ili boliti isiibane raba ikabonyea, na nati zile zenye plastiki ndani ambazo hazilegei ovyo. Boliti za nyuma walizoleta ni fupi. Raba ikishaingia, uzi hautokezi kwenye nati. Nilinunua nyingine ndefu.

Sasa, kwa nini mtu ainue tangi? Kwa sura. Atakayekwambia pikipiki inaongezeka nguvu anakuuzia maneno. Tangi dogo la Sportster lilianza na XLCH mwaka 1958, na tangu hapo watengeneza chopa (pikipiki zilizobadilishwa umbo) hawajaacha kulipandisha, kulishusha na kulilaza. Ukilipandisha, vifuniko vya juu vya silinda vinatoka hadharani, mwanga unapita kati ya injini na tangi, na mashine inaonekana nyembamba na ndefu. Mimi naipenda hivyo. Ila mwanga ukipita, uchafu nao unaonekana: fungu la nyaya kwenye uti wa fremu, klipu zilizokatika, vumbi lililogandana na oili ambalo halijawahi kuguswa tangu pikipiki itoke kiwandani. Kusafisha na kuzilaza upya nyaya kulinila muda kuliko vyuma vyenyewe.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa ni petroli inakwenda wapi. Koki ya Sportster iko chini kushoto, upande wa nyuma wa tangi. Ukinyanyua nyuma zaidi ya mbele, petroli inakimbilia mbele, mbali na koki, na pikipiki inazima huku ndani bado kuna mafuta unayoyasikia yakicheza. Ukinyanyua mbele zaidi, inarudi nyuma kwenye koki, na hiyo ndiyo njia niliyoichagua: mbele inchi 2, nyuma 1.

Lakini hata hiyo ina gharama yake. Ndani ya koki kuna mrija mrefu wa matumizi ya kawaida na tundu la chini la akiba. Tangi likiwa limelala sawa, mrija mrefu ukikauka unabaki na mafuta yaliyotandaa chini ya tangi zima. Likiinama, yanayobaki ni ya ile pembe ya nyuma tu. Kwa hiyo unakwenda mbali zaidi kabla ya kugeuza koki, na ukishageuza, akiba ni ndogo kuliko uliyoizoea. Zamani nilikuwa napita kituo cha mafuta bila wasiwasi nikiwa kwenye akiba. Sasa nikigeuza koki naanza kutafuta kituo palepale. Na kwa kuwa mfuniko hauko kwenye ncha ya mbele, hewa inanaswa pale juu wakati wa kujaza, hivyo ule ujazo wa lita 12.5 haufiki kamili. Hizo lita usizihesabie safari.

Usukani nao usiuchukulie poa. Kabla ya kukaza chochote, geuza usukani kulia mpaka ugote, kisha kushoto mpaka ugote, ukiangalia pua ya tangi. Kwangu ilibaki nafasi ya kidole kimoja upande wa kulia na kidogo pungufu kushoto, kwa sababu keboli za eksileta zinajikunja humo. Nilizipitisha njia nyingine chini ya shingo ya fremu. Keboli ikibanwa na tangi, unaweza kukata kona huku eksileta inajivuta yenyewe, na hilo simtakii mtu.

Mpira wa mafuta waliouweka kwenye seti ni mwembamba na mgumu. Nilipoukunja ulijibonyeza katikati, na mpira uliobonyea haupitishi mafuta vizuri. Nunua wa kipimo sahihi, mrefu kidogo, ushuke bila kona kali na usiguse silinda. Kama koki yako ni ile inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini, ule mpira mdogo wa hewa nao hautafika, kwa hiyo urefushe pia. Wengine wanaogopa kwamba tangi likiwa juu kabureta itafurika. Hapana. Sentimita 5 za petroli ni shinikizo dogo mno. Kabureta ikifurika, tazama sindano yake.

Kati ya tangi na kiti kumebaki mwanya unaonikera kila nikiegesha. Tangi limepanda, kiti kimebaki chini. Nitahitaji kiti chenye pua iliyonyanyuka, na hiyo ni pesa nyingine.

Chuma chenyewe sina neno nacho: kinene, kimekatwa safi, rangi haijabanduka wala hakijapinda. Vilivyobaki kwenye pakiti ningeviacha dukani. Mwenye Sportster ya kabureta anayejua kushika spana anaweza kuichukua, akiwa na bajeti ya boliti na mpira. Mwenye ya 2007 kuja huku asiinunue hii. Hizo ni za injeksheni, yaani petroli inanyunyizwa kwa shinikizo badala ya kupita kabureta; pampu iko ndani ya tangi, na mpira wake unabeba shinikizo la takriban baa 4, karibu mara nne ya shinikizo la hewa ya kawaida. Kipande cha mpira cha kwenye pakiti hakitavumilia. Na yeyote utakayekuwa, toa waya wa hasi wa betri na umwage petroli yote kabla hujagusa boliti ya kwanza.