Nyuzi kumi na mbili, magoti mawili: uzoefu wangu na pedali stili ya E9 ya kurefushwa

Kwanza niseme napigia wapi, maana ushauri wa mtu mwenye bendi kamili hautakufaa kama hali yako ni kama yangu. Jumamosi usiku napiga kantri kwenye klabu hapa Nakuru, mara nyingi tukiwa wawili tu, mwimbaji na mimi. Jumapili niko kanisani Lanet na kwaya, kinanda, na mpiga besi anayekuja akijisikia. Gitaa langu ni pedali stili ya nyuzi 12, yaani gitaa la kulazwa mbele yako: unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na pedali za miguu na leva za magoti zinapandisha au kushusha noti. Ni mtumba kutoka Marekani, aliyeniletea ni binamu yangu. Nililipa kodi ya forodha kabla sijapiga kodi hata moja ya muziki, zile noti za kupigwa pamoja.

Muuzaji alikuwa ameandika kwamba limetuniwa E9 ya kurefushwa, yaani mpangilio wa noti wa E9 ulioongezewa nyuzi mbili. Nikafungua sanduku, nikagusa uzi wa 9 nikitarajia D, ukanijibu B. Kumbe ni yunivasali, yaani mipangilio miwili ya noti, E9 na B6, imebanwa kwenye shingo moja, pamoja na pedali 7 na leva 5 za magoti. Nilimwandikia. Hakujibu hadi leo.

Kwa anayesita kati ya hizo mbili: nyuzi 8 za kwanza ni zilezile, F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E. Njia zinaachana kuanzia wa 9. Yunivasali inaendelea B, G#, E, B. Ya kurefushwa inaendelea D, B, G#, E, kwa hiyo ile E9 ya kawaida ya nyuzi 10 inabaki nzima, halafu unaongezewa mbili nene chini.

Niliivumilia yunivasali miezi minane, na siisemi vibaya. Ukizishusha nyuzi za E kuwa D# kwa leva, unaingia B6, na kodi za swingi na jazi zinakuja zenyewe. Taabu ni kwamba leva hiyo lazima uishikilie muda wote unaotaka kukaa humo, na kwenye gitaa langu iko goti la kulia, mguu uleule unaokanyaga pedali ya sauti. Kufika wimbo wa tatu paja linatetemeka kama la mtu aliyeshusha magunia ya viazi kutoka Molo. Tena masomo karibu yote ninayotazama ni ya nyuzi 10. Mwalimu akisema "piga wa kumi", mimi naanza kupiga hesabu, na yeye ameshafika mwisho wa wimbo.

Nikaamua kulibadilisha. Fundi wa gitaa wa kazi hii sikumpata, nikaenda kwa fundi cherehani Bondeni. Tulililaza kifudifudi mezani, akachungulia zile rodi na vikono, akasema, "Kaka, hii ni cherehani iliyosoma." Kazi ilichukua mchana mzima. Nyuzi nne za chini zilibadilishwa unene. Pedali A, inayopandisha B kuwa C#, ilikuwa inavuta wa 5 na wa 9, tukaihamishia wa 5 na wa 10. Pedali B, ya G# kwenda A, ikatoka 3, 6 na 10 ikawa 3, 6 na 11. Leva ya E kwenda F tuliiachia wa 4 na wa 8 peke yake, kwa sababu wa 12 nauhitaji kama besi isiyoyumba. Gharama yake ni kwamba nikibana leva hiyo, kidole gumba kikae mbali na wa 12.

Utamu wake ndio huu. Weka chuma freti ya 3, una kodi ya G, na wa 12 unakupa besi ya G. Kanyaga pedali A na B pamoja bila kusogeza mkono: kodi imekuwa C, na uzi wa 11 uliokuwa noti B umepanda wenyewe kuwa C, besi iko tayari. Jumapili moja mpiga besi hakutokea, na mwalimu wa kwaya aligeuka mara mbili kuangalia nani kakaa kwenye kiti cha besi.

Ila jiandae. Nyuzi nene hazijui kunyamaza, na mwezi wa kwanza muziki wangu ulikuwa uji mpaka nilipozoesha kiganja kuzizima. Pedali B imekuwa nzito kidogo. Pakiti ya nyuzi 12 huku sijaiona dukani, naagiza, na kila mara naongeza nyuzi kadhaa za namba 3, zile za unene wa inchi 0.011, kwa sababu uzi huo ndio unaokatika kuliko wote, tena katikati ya harusi.

Kwenye harusi Kisumu, mzee mpiga nyatiti alikaa pembeni akinitazama nikihangaika na mikono, miguu na magoti. Yeye ana nyuzi 8, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayogongea ubao. Akaniuliza, "Mwanangu, na besi yako iko wapi?" Nikampigia wa 12. Akatikisa kichwa kama anayekubali nusu.

Pedali 4 nilizozing'oa nimezifunga kwenye gazeti, ziko chini ya kitanda. Mpiga besi akianza kuja kila Jumapili, huenda nikazitoa.