Takwimu za PGA Tour: zinafaa kumpima mchezaji kabla ya kubeti?

Mie ni kedi kwenye uwanja wa gofu wa Mangapwani hapa Unguja, ule wa mashimo 9, kaskazini ya Mji. Sibeti, dini yangu hainiruhusu na sina hamu nayo. Lakini wageni ninaowabebea fimbo, hasa Waingereza, wengi wao huweka pesa kila wiki kwenye mashindano ya kwao na ya Marekani, na swali lao haliishi: fulani yumo kwenye fomu? Kwa ajili ya swali hilo nimezoea kuzipekua takwimu za PGA Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani, kwenye simu, na nazipenda kwelikweli.

Ni bure. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo wauza mikeka huko Telegram wanaotoza pesa kukutajia majina ya wiki, na sababu wanayokupa ni nafasi tu: juzi alikuwa wa 4, jana wa 9, basi huyu anakuja. Mtu anaweza kuwa wa 4 kwa vile mipira aliyoipiga kutoka mbali na shimo iliingia siku zote nne, na wiki ya pili usiingie hata mmoja.

Utamu uko kwenye hesabu iitwayo Strokes Gained. Asili yake ni kazi ya Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, na PGA Tour ilianza kuitoa mwaka 2011, kwa upande wa kuputi kwanza, yaani kuusukuma mpira uingie shimoni. Inaonyesha mchezaji ameokoa au amepoteza mikwaju mingapi akilinganishwa na wenzake, tena kwa mafungu: mpira wa kuanzia shimo, mpira wa kuelekea griini (pale penye majani mafupi na shimo), ule mfupi wa kando ya griini, na kuputi. Mie humwambia mgeni aanzie kwenye mpira wa kuelekea griini, maana ustadi huo hauondoki kwa wiki moja. Kuputi hujaa na kupwa kama maji ya bamvua.

Mfano wangu ni Scottie Scheffler. Msimu wa 2023, kwa mikwaju yote ya kabla ya kufika griini alikuwa wa kwanza. Kwa kuputi alikuwa wa 162. Aliyetazama nafasi tu aliona mtu anayekaribia ubingwa mara nyingi na kuukosa. Aliyefungua mafungu aliona mchezaji bora duniani mwenye kasoro moja. Machi 2024 alibadilisha fimbo ya kuputi, akashinda shindano la Bay Hill, wiki iliyofuata akashinda lile la The Players, na Aprili akavaa koti la kijani la mshindi wa Masters. Wageni walioniuliza kuhusu Scheffler niliwaonyesha ukurasa huo huo.

Hata hivyo kuputi peke yake kunaweza kumbeba mtu wiki nzima. Brian Harman alishinda The Open ya 2023, shindano kubwa la Uingereza, kwa tofauti ya mikwaju 6, na mipira ya karibu na shimo karibu yote iliingia. Kwa hiyo odi ndogo isikudanganye kuwa jambo limekwisha. Shindano kama The Open huwa na wachezaji 150 na ushei.

Jambo la kuangalia: ukifungua ukurasa, unachokiona kwanza ni wastani wa msimu mzima, na wastani huo unaificha fomu ya karibuni. Chagua shindano moja moja, yale manne au matano ya mwisho, uyasome kwa mpangilio. Ni kazi ya kukaa kitako, na kila kitu kimeandikwa Kiingereza. Mashindano ya Marekani kwetu humalizika usiku wa manane, basi Jumatatu asubuhi ndio wakati mzuri.

Upepo hamna humo kwenye takwimu. Huku pwani, kusi likivuma, namwona mgeni mwenye mkwaju wa juu sana akihangaika kuanzia shimo la kwanza, na The Open huchezwa viwanja vya pwani vilivyo wazi namna hiyo. Hapo tazama mtu alivyocheza miaka ya nyuma kwenye viwanja vya aina ile.

Na kwa anayefuatilia Magical Kenya Open, shindano letu la jirani alilolishinda Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini mwaka 2025, asitafute kwenye takwimu za PGA Tour. Hilo ni la DP World Tour, ligi ya Ulaya, na takwimu zake ziko kwenye tovuti yao wenyewe.