NVDA: mwaka wa tatu nasoma kwa masikio

Naipa nyota tano. Mimi sioni, na kila ninachosomea kwenye kompyuta kinanifikia kupitia programu hii inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya Windows. Ni ya bure kabisa. Walioianzisha mwaka 2006, Michael Curran na James Teh wa Australia, wote wawili hawaoni, na ukiitumia unatambua kwamba anayeijua shida ndiye aliyekaa kuitengeneza. Nakala yangu iko kwenye flashi. Nikikuta kompyuta ya maabara haina, nachomeka yangu na kazi inaanza.

Sisikilizi ukurasa kuanzia juu mpaka chini, ningekesha. Nabonyeza H, naruka kwenye kichwa cha habari cha kwanza; H tena, cha pili. T inanipeleka kwenye jedwali, na humo nashika Ctrl na Alt pamoja na mishale, natembea kisanduku kwa kisanduku. Insert na F7 zinaniletea orodha ya viungo vyote, yaani linki za kubonyeza zinazokupeleka ukurasa mwingine. Siku moja orodha ya somo la bayolojia ilikuwa na viungo kumi na vinne, na vyote vinaitwa "bonyeza hapa". Nianze na kipi?

Hapo ndipo nataka walimu na watengeneza tovuti wanisikilize. NVDA inasoma kilichoandikwa. Katika jaribio moja la mtandaoni, kila nilipogusa Tab nilisikia kitufe, kitufe, kitufe. Kwa anayeona kulikuwa na mshale wa kurudi, mshale wa kuendelea na alama ya tiki ya kukusanya. Hakuna aliyevipa majina. Saa inakimbia, nikabahatisha, nikakusanya jaribio nikiwa nimejibu maswali manne kati ya ishirini. Iliniuma sana, maana majibu nilikuwa nayo. Neno "Endelea" likiwekwa kwenye msimbo wa kile kitufe lingetosha.

Kurasa za vitabu zilizoskaniwa nazo ni picha tupu. Insert na R hujaribu kuzitambua herufi, na ukurasa ulioskaniwa vizuri unasomeka, ila milinganyo ya hisabati usiitegemee kwa njia hiyo. Tupeni faili lenye maandishi yenyewe.

Mwalimu, isakinishe hata kama unaona. Zima skrini, weka kipanya pembeni, kisha fungua somo lako mwenyewe. Mwalimu wangu mmoja alikaa nayo robo saa. Alipofika kwenye mchoro wa moyo akasikia "grafiki, picha 3", basi. Kesho yake mchoro ule ulikuwa na sentensi tatu: damu inaingilia wapi, inapita vyumba gani, inatokea wapi. Swali la moyo nililijibu mwenyewe, bila kumwomba jirani anisimulie.