Kichujio cha Umeme kwa Mfumo wa Muziki wa Nyumbani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetaka kununua au kujitengenezea kichujio cha umeme kwa ajili ya amplifaya yake anapaswa kwanza kuitambua kelele anayoisikia, kwa sababu fedha nyingi zinazopotea katika jambo hili hupotea kwa kununua dawa ya ugonjwa mwingine. Mvumo mzito usiokoma wa hezi 50 au 60, kulingana na gridi, mara nyingi hutokana na mzunguko wa ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini): vifaa viwili vimeunganishwa na ethi kupitia plagi zao, kisha vinaunganishwa tena kupitia waya wa mawimbi ya sauti, na mkondo mdogo huzunguka katika njia hiyo. Zima vifaa, chomoa nyaya zinazoingiza mawimbi kwenye amplifaya, kisha uiwashe peke yake. Mvumo ukitoweka, usinunue kichujio. Jaribu kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na hilo lisipotosha nunua transfoma ndogo ya kutenganisha mawimbi ya sauti. Kuukata waya wa ethi ili kuuondoa mvumo ni kosa linaloweza kuua, na halina nafasi katika orodha yoyote.

Kichujio hakiongezi pia volti zilizopungua. Hiyo ni kazi ya stabilaiza. Kazi ya kichujio ni kupunguza kelele za masafa ya juu zinazoingizwa katika nyaya na chaja, taa za LED, swichi za kupunguza mwanga, kompyuta na mitambo ya redio, ambazo husikika kama mkwaruzo, mlio mwembamba au sauti ya kituo cha redio isiyotarajiwa.

Nafasi ya kwanza naipa moduli ya kichujio iliyofungwa kiwandani ndani ya kikopo cha chuma, hasa ile iliyounganishwa na tundu la kuingizia waya wa umeme la aina ya C14, ambalo ndilo lililo nyuma ya kompyuta nyingi za mezani. Kampuni kama Schaffner na Schurter zimekuwa zikizitengeneza kwa ajili ya viwanda na maabara, na kila moduli huja na karatasi ya vipimo inayoonyesha, kwa mchoro, inapunguza kelele kwa desibeli ngapi katika kila masafa. Mchoro huo ndio bidhaa unayoilipia. Desibeli 20 humaanisha kelele imebaki sehemu moja ya kumi ya volti zake za awali, na desibeli 40 humaanisha sehemu moja ya mia. Vipimo hivyo hufanywa kwa ukinzani wa ohmu 50 pande zote mbili, hali ambayo haipatikani katika nyaya za nyumbani, kwa hiyo vitumie kulinganisha moduli na moduli, si kuahidiana matokeo. Angalia mistari miwili katika mchoro: wa kelele inayopita kati ya waya wa moto na nyutro, na wa kelele inayopanda nyaya hizo mbili kwa pamoja dhidi ya ethi. Moduli yenye hatua mbili za kuchuja hugharimu zaidi kidogo, na kwa maoni yangu nyongeza hiyo inastahili kulipwa.

Katika kuchagua ukubwa, usibane matumizi. Amplifaya ya kawaida haivuti mkondo kwa utulivu. Hujaza kapasita zake kwa mapigo mafupi karibu na kilele cha wimbi la umeme, na kichujio kilichokaribia kikomo chake hupata joto na koili yake huweza kupoteza nguvu ya kuchuja. Ikiwa vifaa vyote kwa pamoja vinahitaji ampea 3, nunua cha ampea 6 au 10. Epuka toleo la vifaa vya hospitali, kwa sababu limeondolewa au kupunguziwa kapasita za kwenda ethi ili mkondo unaovuja uwe mdogo mno, na hivyo huchuja kwa udhaifu kelele ya aina ya pili niliyoitaja. Kapasita hizo ndizo pia zinazofanya ethi nzuri iwe sharti: moja ya nanofaradi 4.7, kwa volti 230 na hezi 50, huvujisha takriban miliampea 0.34. Ni kiasi kidogo, lakini hujumlishwa kutoka kifaa hadi kifaa, na swichi ya kinga dhidi ya umeme unaovuja, ya miliampea 30, inaruhusiwa kukata umeme tangu mkondo unapozidi miliampea 15. Kasha liwe la chuma, rangi ikwanguliwe pale moduli inapogusana nalo, na nyaya za kuingia zisipite sambamba na za kutoka, la sivyo kelele itaruka kichujio na kuendelea na safari.

Nafasi ya pili ni ekstensheni ya soketi iliyokamilika kiwandani, yenye kichujio ndani. Inamfaa asiyetaka kushika bisibisi, mradi mtengenezaji anachapisha mchoro wa upunguzaji au angalau vipimo vya desibeli vyenye masafa yake. Ekstensheni nyingi zinazouzwa kama vichujio zina varista peke yake, yaani kijenzi kinachokata miruko ya volti lakini kisichogusa kelele ndogo ya kila siku. Varista huchakaa kwa kila mruko mkubwa, na iliyochakaa huweza kuwaka, kwa hiyo tafuta yenye fyuzi ya joto na taa inayoonyesha kwamba kinga bado ipo.

Transfoma ya kutenganisha umeme naiweka ya tatu, ingawa kiufundi inaweza kuishinda moduli katika kelele ya nyaya zote mbili, hasa ikiwa na ngao ya shaba kati ya koili zake. Inashushwa na uzito, bei na mvumo wake yenyewe, na ya umbo la duara huvuta mkondo mkubwa inapowashwa kiasi cha kuangusha swichi ya mzunguko. Chukua yenye uwezo mara mbili ya mahitaji yako, na uunganishaji wa ethi upande wa pili ufanywe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Kununua vijenzi kimoja kimoja kunakuja nafasi ya nne, kwa sababu mtu hulipa karibu gharama ile ile ya moduli na kupata kitu ambacho hakijapimwa. Anayeendelea na njia hii asikubali kapasita isiyo na alama ya X2 kati ya waya wa moto na nyutro, wala isiyo na alama ya Y2 au Y1 kwenda ethi. Zimetengenezwa kwa kiwango cha IEC 60384-14 ili zikiharibika zisimweke mtu hatarini, na kapasita ya kawaida yenye volti kubwa haiwezi kuchukua nafasi yake. Kapasita ya X ya mikrofaradi 0.47 iwekewe kinzani cha megaohmu 1 sambamba nayo, ili pini za plagi iliyochomolewa zisimrushe mtu.

Mashine inayougeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu na kuuzalisha upya iko mwisho. Inafanya kazi kweli, na ndiyo pekee katika orodha hii inayorekebisha umbo la wimbi na volti kwa pamoja, lakini ni ghali, hutoa joto, na feni yake huweza kusikika kuliko kelele iliyonunuliwa kuiondoa. UPS za bei nafuu hazifanyi hivyo. Nyingi hupitisha umeme wa gridi moja kwa moja hadi unapokatika.

Nje ya orodha kuna vipete vya feraiti, yaani pete za kauri ya sumaku zinazovalishwa waya, ambavyo ni rahisi kiasi kwamba vinaweza kujaribiwa kabla ya yote. Hufanya kazi kwenye megahezi, na kuuzungusha waya mara tatu ndani ya kipete kimoja huongeza ukinzani takriban mara tisa, mradi masafa si ya juu sana. Nyaya nene za umeme zenye bei ya amplifaya, zisizo na mchoro wala kipimo, siziwekei nafasi.