Nyaya za sauti za hom thieta: upi ununue, upi uuache dukani

Kabla hujaenda dukani, geuza TV uone nyuma yake, kisha fanya hivyo hivyo kwa hom thieta, na upige picha pande zote mbili kwa simu. Matundu uliyonayo ndiyo yanayoamua waya. Bei inafuata baadaye.

1. HDMI
Huu ndio wa kwanza, ila TV iwe na tundu lililoandikwa ARC (njia ya kurudisha sauti kutoka TV kwenda hom thieta) au eARC, toleo lake jipya zaidi. Mara nyingi ni moja tu kati ya HDMI zote, na ukichomeka kwingine sauti haitoki hata waya ungekuwa wa bei gani. Upande wa hom thieta au saundiba, chomeka kwenye HDMI OUT, nayo iwe na ARC. Ndiyo, OUT, japo sauti inaingia. Kisha washa CEC (inayoruhusu vifaa kuamrishana kupitia HDMI) kwenye mipangilio ya TV, na rimoti ya TV itapandisha na kushusha sauti.

ARC inapitisha Dolby Digital (sauti ya kuzunguka iliyobanwa), na kwenye TV nyingi za sasa hata Atmos, sauti inayotoka hadi juu, ile iliyobanwa inayotumika kwenye filamu za mtandaoni. Sauti isiyobanwa ya chaneli 7.1 (spika saba na sabufa moja) inataka eARC, na vifaa vyote viwili viwe nayo. Muuzaji akikushika kwa "waya wa 8K", mwambie unataka sauti tu: HDMI ya kawaida iliyoandikwa High Speed with Ethernet inatosha hata kwa eARC. Dhahabu kwenye pini haiongezi utamu wa sauti ya dijitali. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, angalau haishiki kutu ya chumvi.

2. Optikali
TV haina ARC? Chukua huu. Unapitisha mwanga badala ya umeme, kwa hiyo ule mvumo wa "mmmm" unaotokana na umeme kuzunguka kati ya vifaa hauvuki. Unabeba stereo au 5.1 iliyobanwa, basi. Vua vile vifuniko vya plastiki nchani kabla ya kuchomeka, na usiukunje kwa nguvu kwenye kona. Hom thieta ikikaa kimya, badilisha sauti ya TV iwe PCM, yaani stereo ya kawaida isiyobanwa. Waya wa digital coaxial unafanya kazi ile ile, lakini TV zenye tundu lake si nyingi.

3. RCA nyekundu na nyeupe
Kwa sabufa za kawaida hapa ndipo mwisho wa safari, wala si aibu. Kama TV ina tundu la hedifoni, nunua waya wenye pini ndogo ya 3.5 mm upande mmoja na RCA mbili upande wa pili. TV yenye optikali pekee itahitaji kile kiboksi cha kugeuza dijitali kuwa analogi, na TV uiweke PCM. Hapa urefu una madhara: waya mrefu uliolala sambamba na nyaya za umeme huokota kelele. Mita moja na nusu au mbili, usizidishe.

Nyaya za spika
Ukibakiwa na hela, mimi ningeiweka hapa. Nyingi zinazouzwa kwa mita zina rangi ya shaba juu na alumini ndani. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe wa fedha, nenda duka jingine, au angalau ushushe bei. Waya wa umeme wa shaba, ule laini wa nyuzi mbili, unafanya kazi hii vizuri kabisa. Kwa spika za ohm 8 umbali wa mita 10, 1.5 mm² inatosha. Za ohm 4, panda hadi 2.5 mm². Kumbuka baadhi ya hom thieta zina pini zake maalumu za spika, kwa hiyo usikate waya wa asili kabla hujaona mwisho wake.

Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa kila spika. Ukigeuza moja, besi inanyong'onyea na sauti ya katikati inakosa mahali pa kukaa, na hakuna waya wa ghali utakaorekebisha hilo.