Nilivyompata wakili wa fidia ya ajali Dodoma: wawili niliwakataa, wa tatu akaniuliza PF3

Wa kwanza sikumtafuta, alinifuata mwenyewe wodini. Siku ya tatu tangu ajali, mguu umening'inizwa, sijui hata kama nitatembea tena. Kijana nadhifu, bahasha ya kaki kwapani. Akanipa pole, akasema yeye ni mwanasheria na fidia yangu haiwezi kupungua milioni 30. Nisaini tu, nimpe PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi), mengine nimwachie. Shemeji yangu, aliyekuwa ananimenyea chungwa, akamuuliza, "Ofisi yako iko wapi, baba?" Mjini. Mjini wapi? Karibu na Nyerere Square. Jengo gani? Simu yake ikaita, akatoka kuipokea, hadi leo hajarudi.

Nauza vitenge Soko la Majengo. Asubuhi ile nilipanda bodaboda kutoka Nkuhungu, pikapu ikachomoka kwenye barabara ya vumbi bila kusimama, ikatupiga ubavuni. Kijana wa bodaboda aliteguka bega. Mimi muundi ulivunjika mara mbili nikawekewa vyuma. Dereva wa pikapu alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akatozwa faini. Nami kwa ujinga wangu nikakaa nikisubiri niitwe kupewa changu. Kumbe faini ni ya serikali. Fidia ya majeruhi ni madai mengine kabisa, na usipoyafungua mwenyewe hakuna atakayekufungulia.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta kwa akili. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Aliyesomea sheria chuo kikuu anaweza kujiita mwanasheria, lakini wa kukusimamia mahakamani awe wakili aliyeapishwa, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaingiza jina la mtu unaona kama ni wakili na kama leseni iko hai. Yule wa wodini alikuwa ametutajia majina yake matatu. Mwanangu akayaingiza yote, hakuna kitu.

Wa pili alikuwamo kwenye mfumo, ofisi ina kiyoyozi na sofa ya ngozi. Karatasi zangu hakuzifungua. Alitaka asilimia 40 ya chochote kitakachopatikana, na malipo yaingie akaunti yake kwanza, kisha yeye ndiye anigawie. Nilipouliza kama hayo yataandikwa kwenye mkataba akacheka. Nikachukua magongo yangu nikashuka ngazi, na ngazi zenyewe zilikuwa nyingi.

Wa tatu nilielekezwa na mteja wangu wa vitenge ambaye kaka yake aliwahi kugongwa. Dada mdogo tu, ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki. Nilivunjika moyo mlangoni. Swali lake la kwanza: "Mama, PF3 yako iko wapi, na ni halisi au nakala?" La pili: nimeajiriwa au najitegemea? Nikashangaa linahusu nini. Akaeleza kwamba ningekuwa mwajiriwa niliyeumia nikiwa kazini, angetazama pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sikuwa. Akaomba namba ya gari, akaiingiza pale pale kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yake: bima ilikuwa hai siku ya ajali. Nikashusha pumzi. Akasema dereva ni kibarua, hana cha kunilipa, tunamdai yeye pamoja na mwenye gari, na pesa tunazitarajia kwenye bima ya mtu wa tatu, ile ya kuwalipa wengine walioumizwa na gari, ambayo sheria inalazimisha kila gari liwe nayo.

Halafu akanivunja nguvu, na hapo ndipo nilipomwamini. Nilimwambia kibanda kilikuwa kinaniingizia elfu 40 kwa siku. "Unathibitishaje?" Nina kaunta buku la wadeni, basi. Akasema lete hilo hilo, si haba, lakini usihesabu sana. Akataka risiti za dawa, za kliniki, hata za usafiri. Nusu nilikuwa nimeshazitupa! Nikikumbuka risiti zile ninaumwa kuliko mguu.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Ada kwa hatua: kiasi hiki kwa barua ya madai, kiasi kile tukifungua kesi, na kila nilipolipa nilipewa risiti. Aliniambia muda wa kufungua shauri la namna hii ni miaka 3, lakini nisilale, maana askari aliyechora mchoro wa ajali anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Kampuni ya bima ilileta ofa mapema, na mimi, ada za shule zikiwa mlangoni, nilitaka kuichukua. Akanizuia. Daktari alikuwa hajaandika asilimia ya ulemavu wa kudumu, na vyuma vilikuwa bado havijatolewa. Nikisaini karatasi ya malipo ya mwisho, operesheni ya kuvitoa ingekuwa juu yangu. Tuligombana kidogo siku hiyo, nikamwita mtoto. Ofa ya pili ilipokuja ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza, tukamalizana bila kwenda mahakamani. Kiasi sikiandiki, nina ndugu wengi.

Kasoro anazo. Mchana simu hapokei, atakujibu saa nne usiku wakati umeshalala. Fotokopi zote juu yako. Na ilichukua mwaka mmoja na miezi miwili, wakati mimi nilidhani miezi mitatu. Nampa nyota nne.

Kijana wa bodaboda alikuja kibandani wiki iliyopita. Kumbe yule wa bahasha ya kaki alimpitia na yeye, akasaini, na PF3 yake halisi akaondoka nayo. Jumatatu nilimpandisha kwa wakili wangu. Akamwambia aanze kituo cha polisi alikochukulia ile fomu.